Fakitire ya maternite: nani analipa, na nani ameshalipa?

(Mazungumzo mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya gazeti letu.)



Komite iliniomba nizungumze juu ya afya. Afya ni neno kubwa, tungelala hapa. Nitasema juu ya karatasi moja tu, ile fakitire mama anayopewa akitaka kutoka maternite. Nimeichagua kwa sababu ukifungua daftari la sanduku jekundu utaona mistari mingi inasema kitu kilekile: "msaada wa kujifungua", "msaada wa kupasuliwa", "kumtoa mama hospitali".

Kwa wageni wasiozoea MUSO, nieleze haraka. Tuna masanduku matatu. La kijani ni la kukopeshana, na pesa yake inarudi na faida. Jekundu ni la shida: ugonjwa, msiba, nyumba kuungua. La buluu ni la pesa inayotoka nje, kwa wafadhili. Sanduku jekundu halirudishwi, pesa ikitoka imetoka. Kwa hiyo kila mara tunapolipa kitu ambacho serikali imesema italipa yenyewe, tumepunguza fungu la yule atakayefiwa wiki ijayo.

Sasa, serikali imesema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Najua, katiba hainunui glavu. Lakini tarehe 13 Desemba 2018 ilitoka sheria namba 18/035 juu ya mpangilio wa afya ya watu, na mwaka 2023 ikarekebishwa ili iingize ile wanayoita CSU, yaani ulinzi wa afya kwa wote. Mwaka 2022 serikali iliunda Mfuko wa Mshikamano wa Afya, munaousikia kwenye redio kwa herufi FSS, kwa ajili ya kulipa. Ikaunda pia mamlaka ya kusimamia na kukagua, ARC-CSU. Kisha tarehe 5 Septemba 2023, kule Kinshasa, Rais Tshisekedi akazindua programu ya kujifungua bure na matunzo ya mtoto mchanga. Kutoka Kinshasa programu ikaanza kwenda mikoani, hatua kwa hatua.

Ndani ya programu kuna vipimo vya mimba, yaani CPN, kuna kujifungua kwa kawaida, kujifungua kwa shida na kupasuliwa, na kuna kuangaliwa kwa mama baada ya kuzaa. Kuna pia matunzo ya mtoto mpaka siku 28. Hii siku 28 wengi hawaijui. Mama anatoka maternite salama, siku ya tisa mtoto anapata homa, anarudishwa, na kwenye meza ya kulipia wanasema: "Gratuite iliisha siku ulipotoka." Haikuisha. Mtoto wa siku tisa bado yuko ndani.

Neno "bure" linadanganya kidogo. Glavu hazianguki kutoka mbinguni, na muganga anakula kama sisi. Bure maana yake ni kwamba mama halipi, mwingine analipa. Hospitali inatia mkataba na Mfuko. Inamhudumia mama, inaandika jina lake kwenye rejista, na kisha inapeleka fakitire yake kwa Mfuko. Kila huduma ina bei iliyopangwa mbele, ya jumla: kujifungua kwa kawaida bei yake, kupasuliwa bei yake. Bei ya jumla maana yake imekwisha kuhesabu uzi, sindano, kitanda na kazi ya muganga. Wakaguzi wanapitia rejista, na baada ya hapo ndipo pesa inatoka. Sisi wa Kivu mambo haya si mageni: kwa miaka mingi kwenye ile FBP, malipo kwa kazi iliyofanyika, tumeona vyama vya hapa hapa vinatumwa nyumba kwa nyumba kuuliza kama mgonjwa aliyeandikwa ni mtu kweli na kama alihudumiwa.

Basi swali la kwanza si "je, ni bure?" Swali la kwanza ni "je, hospitali hii ina mkataba?" Si kila nyumba ya afya imetia mkataba, na ya mtu binafsi inaweza isiwemo kabisa. Hospitali isiyo na mkataba haimwibii mtu ikitoza bei yake iliyobandikwa. Tusiende kupiga kelele fasi ambapo hatuna haki ya kupiga kelele. Ulizeni kwa enfirmie titileri, ao kwa BCZ, ofisi ya zone ya afya. Na muulize mimba ikiwa ya miezi mitano. Usiku wa uchungu si saa ya kuuliza.

Tuseme mkataba upo. Shida inatoka wapi?

Inaanza na pesa kuchelewa. Tangu programu ianze, malalamiko ya hospitali juu ya Mfuko kuchelewa kulipa yamesikika mara nyingi. Na mujue jinsi hospitali zetu zinavyoishi. Wauguzi wengi hawajaingizwa kwenye mishahara ya serikali, wengine wanapata prime tu, wengine hata hiyo hawana. Wanagawana kile wagonjwa wanacholipa. Ukiondoa malipo ya wamama na pesa ya Mfuko isifike, umemwondolea muuguzi unga wa mwezi. Tuliona jambo hili kwenye shule. Masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka 2019, walimu wasiolipwa walikuwa wengi, na makato ya wazazi yakarudi na majina mapya. Kwenye maternite yanaitwa "sabuni", "javeli", "karatasi ya fishi", "pesa ya kusafisha sale".

Mimi sipendi kumwita kila muganga mwizi. Kuna yule ambaye glavu zimekwisha kweli, anamwambia mama anunue mbili kwenye famasi ya nje. Hiyo ni mapungufu. Lakini kuna hesabu nyingine, na hapa naomba munisikilize vizuri. Mama analipa kwenye meza. Jina lake linaingia kwenye rejista kama aliyehudumiwa bure, na fakitire inaenda kwa Mfuko. Hapo hospitali inalipwa mara mbili kwa mtoto mmoja. Na kwa sisi tuliorudi kutoka ng'ambo ya ziwa inaweza kuwa mara tatu.

Nieleze hiyo mara ya tatu. Wanatujua kwa Kiswahili chetu. Mtu aliyekua Nyarugusu ao Lugufu akifungua mdomo tu, karani anajua. Dada mmoja niliyemfuata mwaka jana, sitataja jina lake wala la hospitali, alipasuliwa, akaambiwa: "Weye njo unatoka Tanzania, HCR italipa." Dada hakuwa na mradi wowote. Alikuwa amerudi miaka mitatu mbele, kwa nauli yake. Hospitali ikaandika fakitire kwa shirika moja, shirika likakataa kwa sababu hakuwa kwenye liste yake, na dada akabaki kitandani siku kumi na mbili zaidi. Mwishoni familia iliuza mbuzi, na chama kikaongeza. Nilipoomba kuona rejista, jina lake lilikuwemo kwenye kurasa za gratuite, na kidole chake kimepigwa wino. Yeye hajui kusoma. Alifikiri anatia kidole kwa ajili ya kutoka.

Kwa nini hospitali inapenda kuandikia shirika kuliko Mfuko? Kwa sababu shirika linalipa haraka, na mara nyingi kwa bei ya kawaida ya hospitali, si ile ya jumla iliyopangwa na serikali. Nawaambia wafadhili bila kuficha: mradi unaolipa fakitire za maternite bila kuuliza kama kuna mkataba unafanya utaratibu wa serikali uwe mlango wa mwisho, ambao hakuna anayeugonga. Mradi ukifunga baada ya miezi kumi na minane, wamama wanabaki mbele ya mlango huo, na umepata kutu.

Sasa juu ya kuzuiliwa. Nchini kwetu kumzuia mgonjwa aliyeshindwa kulipa limekuwa jambo la kila siku, mpaka tunaliona kama sheria. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walitembelea hospitali zaidi ya ishirini Lubumbashi, na karibu zote zilikuwa zinazuia wagonjwa. Lakini deni si kosa la jinai. Kongo imo tangu 1976 kwenye Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya deni. Hospitali inaweza kudai, inaweza kupanga malipo kidogo kidogo, inaweza kwenda mahakamani. Kufunga mlango haiwezi.

Na wakimwachilia mama, mara nyingine wanabakiza karatasi ya kuzaliwa ya mtoto kama rehani. Hii inaniuma zaidi kuliko pesa. Kuandikisha mtoto kwenye etasivili ni bure ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, inatakiwa hukumu ya mahakama, na hiyo ina gharama na safari. Sisi tumeishi bila karatasi upande mmoja wa ziwa, tukarudi bila karatasi upande huu. Mtoto aliyezaliwa hapa hapa nyumbani anaanza maisha yale yale kwa sababu ya deni la javeli?

Tufanye nini kesho asubuhi? Komite iliniuliza hivyo, na jibu langu halitawapendeza wote. Kuna waliosema tukatae kulipa kabisa, hospitali ijifunze. Mimi sikubali. Anayelala kwenye sakafu ya maternite ni mama, mkurugenzi analala kwake. Tukiwa lazima tulipe ili atoke, tulipe. Lakini tusilipe bila resi. Resi iandikwe kila kitu kwa jina lake: glavu, dawa gani, kitanda siku ngapi. Neno "divers" lisipite. Karani akikataa kuandika, basi naye anajua kwamba pesa hiyo haina haki ya kuombwa. Na mama asiyejua kusoma asitie kidole kabla mtu wake hajamsomea.

Resi hizo tuzikusanye. Moja ni malalamiko ya mtu mmoja, lakini ishirini kutoka maternite ile ile, zikiwekwa karibu na rejista, mkaguzi hawezi kuzipita. Tuanze na enfirmie titileri kwa heshima, maana mara nyingine kosa ni la karani na linaisha hapo. Halafu CODESA, ambapo tunao wajumbe wetu wawili, halafu muganga mkuu wa zone kwa barua, na kopi kwa divisheni ya afya ya mkoa. Barua iseme tarehe, huduma na kiasi. Matusi tuyaache nyumbani. Na katika barua hiyo hiyo tuulize Mfuko una deni la miezi mingapi kwa hospitali yetu. Kama hospitali inadai pesa yake, chama kinaweza kusimama pamoja nayo kuidai, na siku hiyo waganga watatuangalia kwa jicho lingine.

Kwa sanduku la buluu ninapendekeza wafadhili waruhusu pesa ihamie kwenye yale ambayo programu haiwezi kumfikishia mama. Mama anayetoka vijiji vya pembeni mwa ziwa analipa mtumbwi ao moto usiku, bei ya usiku. Mulinzi wake anakula wiki nzima mjini. Hizi ndizo pesa zinazomfanya azalie nyumbani hata kama maternite ni ya bure kweli.

Kuna mama mmoja ameinua mkono tangu zamani, nilimwona. Anauliza juu ya karatasi: kama huna kadi ya uchaguzi, watakupokea? Wengi wetu waliorudi baada ya uandikishaji wa 2023 hawana. Mama, njoo na fishi yako ya CPN, hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba maternite inakujua na mimba yako ina umri gani. Beba pia karatasi yoyote uliyo nayo, hata ile ya kurudi ya HCR. Ukifukuzwa kwa sababu ya kadi, uliza jina la aliyekufukuza na umletee sekretari siku hiyo hiyo, usingoje mkutano.

Sekretari ameshanunua daftari. Lina safu tano: tarehe, maternite, huduma, kiasi kilicholipwa, resi ipo ao haipo. Majina ya wamama yatakaa kwenye daftari lingine, chini ya ufunguo. Wenye resi za tangu Januari waziache mezani leo wakitoka, na wale walioziacha nyumbani wazilete Jumapili baada ya ibada.