Mnara wa Kanisa Kuu la Mkunazini: Historia, Ujenzi na Wajibu wa Kuutunza

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Mji Mkongwe)



Msafiri anayeingia Unguja kwa chombo huutambua Mji Mkongwe kwa minara yake kabla hajaifikia milango yake. Upo mnara wa msikiti wa Malindi, ipo minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na upo mnara wa kengele na saa wa Kanisa Kuu la Kianglikana la Kristo, Mkunazini. Mazungumzo haya yanauhusu huo wa Mkunazini, kwa kuwa umesimama juu ya ardhi yenye historia nzito kuliko uzito wa mawe yake.

Hapo ulipo mnara palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Uingereza uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kuamuru masoko yao yafungwe. Wamishionari wa UMCA, waliofika Unguja mwaka 1864, wakakipata kiwanja hicho. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873, na ibada ya kwanza ikafanyika siku ya Krismasi ya mwaka 1877.

Aliyeisimamia kazi hiyo ni Edward Steere, aliyewekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1874. Wapenzi wa lugha wanamfahamu pia kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Altare hiyo, kwa mujibu wa mapokezi, imewekwa mahali palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa.

Inafaa ikumbukwe kwamba kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897 tu. Kwa hiyo watu waliendelea kumilikiwa kwa mujibu wa sheria kwa miaka 20 baada ya ibada ile ya kwanza, karibu kabisa na jengo lililojengwa kuwa ukumbusho wa uhuru wao. Kila auangaliaye mnara huu auone pamoja na ukweli huo.

Ama kuhusu ujenzi, kanisa limejengwa kwa mawe ya matumbawe. Madirisha yenye ncha ni ya mtindo wa Kigothi wa Ulaya, lakini mapambo yake yamechukua pia mtindo wa Kiislamu wa mwambao. Dari la ndani limepinda kama nusu ya pipa kutoka ukuta hadi ukuta. Umbo hilo lilikuwa wazo la Askofu Steere mwenyewe, na wengi walitabiri kwamba lingeanguka. Halikuanguka. Mnara wenyewe ni wa pembe nne, mwembamba, na juu yake pana kilele kilichochongoka.

Saa ya mnara, kama inavyosimuliwa, ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash. Wapo wasemao kwamba aliitoa kwa sharti kuwa mnara usiipite kwa urefu Beit al-Ajaib. Msikilizaji makini atazingatia kwamba Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, wakati kanisa limekwisha kutumika kwa miaka sita. Hivyo habari ya sharti hilo ipokewe kwa hadhari. Lenye maana zaidi ni hili: mji wa Waislamu umesimulia kwa vizazi kwamba mtawala wake alilipa kanisa saa. Saa iliyo juu ya mnara haimuulizi mpita njia dini yake. Humwambia wakati na kumwacha aende zake.

Ndugu wananchi,

Jiwe la matumbawe lina vinyweleo. Hunywa maji ya masika na kuyatoa jua linapowaka, madhali limeunganishwa na kupakwa chokaa, ambayo nayo hupitisha unyevu. Ukuta wa namna hiyo ukizibwa kwa lipu ya saruji, unyevu hubaki ndani na chumvi hulila jiwe taratibu. Chuma kilichomo ukutani hupata kutu, kikavimba na kulipasua jiwe. Mbegu iliyoangushwa na ndege katika ufa huota, na mizizi yake huupanua ufa huo. Hayo yote huanza kimya kimya, na mnara huathirika zaidi kwa kuwa upo juu, umepigwa na upepo wa pande zote, na si rahisi kufikiwa na fundi.

Kanisa hili lilifanyiwa matengenezo makubwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Mfuko wa Dunia wa Hifadhi ya Majengo ya Kumbukumbu, na mwaka 2016 pakafunguliwa hapo maonyesho ya historia ya utumwa. Lakini matengenezo makubwa hayaondoi haja ya matunzo madogo. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka ilhali matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Usemi wa wazee, usipoziba ufa utajenga ukuta, siku hiyo haukuwa mithali tena.

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Heshima hiyo haihifadhiki kwa cheti. Mtumishi wa Serikali anatakiwa akague kabla ya masika, si baada yake, na asiidhinishe saruji pale panapohitajiwa chokaa. Mkaazi naye anatakiwa asafishe mifereji ya paa lake, ang'oe mche ungali mchanga, na atoe taarifa ya ufa anapouona, uwe wa msikiti, wa kanisa au wa nyumba ya jirani.

Waliouzwa Mkunazini hawakuachiwa makaburi yenye majina. Mnara huu ni miongoni mwa alama chache zinazoonyesha mahali walipopita. Ukianguka kwa uzembe, watakuwa wamesahauliwa mara ya pili.