Kuungana kwa Vyama: Hotuba Iliyosomwa Buhongwa Katika Sherehe ya Miaka Kumi



Nimeagizwa niseme juu ya ombi la wenzetu, wanaotaka vyama vyao viunganishwe na chama kikuu chetu. Wamekuja kwa heshima, nao ni haki yao wajibiwe kwa heshima. Lakini kabla ya kujibu, yafaa tukumbuke yaliyotupata katika nchi hii ya ziwa.

Wazee wetu hawakuanza ushirika kwa kupenda ukubwa. Walianza kwa sababu ya mizani. Mkulima alichukua pamba yake kwa mnunuzi, akapunjwa mbele ya macho yake, asiwe na pa kushtaki. Ndipo Bwana Paul Bomani na wenzake wakazunguka Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojengwa na vyama vidogo vilivyojuana. Lilikua hata likamiliki vinu vya kuchambulia pamba, na sifa zake zikavuka mipaka ya nchi.

Baadaye, kufuatia tume ya uchunguzi ya mwaka 1966, vyama vikuu vilivyokuwa chini ya Shirikisho viliunganishwa kuwa chama kimoja cha Nyanza. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu nchini, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Sisemi kila kosa lilitoka juu. Ubadhirifu ulikuwamo, na wengine walioufanya walichaguliwa na sisi wenyewe. Ila nadhani mwanachama wa kijijini, kila chama kilipozidi kuwa kikubwa, alizidi kuwa mbali na kitabu chake cha hesabu.

Nami nilipokuwa karani niliona vyama viwili vikiungana kwa ngoma na pilau. Msimu uliofuata likatokea deni la pembejeo ambalo upande mmoja haukulitaja. Wakulima wasiokopa hata mfuko mmoja wa mbolea walikatwa malipo yao. Wengine hawakurudi tena ghalani, na siwalaumu.

Ndugu zangu, vyama viwili vikiwa kimoja, mali huunganika na deni huunganika vilevile. Tena iko njia nyingine, ambayo mimi ningeipendelea kwa misimu miwili ya kwanza: kutumia pamoja ghala na lori, kila chama kikibaki na uandikishaji wake na hesabu zake. Wachungaji wetu wanaijua: ng'ombe wa miji miwili hulishwa pamoja, na kila mmoja ana alama yake.

Hata hivyo uamuzi si wangu wala si wa halmashauri. Ni wa mkutano huu, na wa mikutano ya wenzetu pia. Wageni wetu wameleta vitabu vyao, jambo ambalo nawasifu sana. Basi, Bwana Katibu, kabla ya kura, tafadhali tusomee kwa sauti, ukianzia ukurasa wa madeni.