Kombe la Jana Halichezi Leo
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo, na kwa kuwa chakula ki tayari, sitawachosha. Nimechagua raga ya wachezaji saba, na hasa mashindano ya wanaume katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, mwaka 2016.

Raga haikuwa imechezwa katika Olimpiki tangu Paris, mwaka 1924. Ilirudi baada ya miaka 92, kwa sura hii ya watu saba. Uwanja ni uleule wa watu kumi na tano, lakini wachezaji hawafiki hata nusu. Ukikosa kumkaba mpinzani, nyuma yako hakuna wa kukuokoa. Kosa moja, trai.

Sasa sikilizeni, vijana. Tarehe 17 Aprili mwaka ule, huko Singapore, Kenya ilikutana na Fiji katika fainali ya duru moja ya mashindano ya dunia. Vijana wetu, chini ya nahodha Andrew Amonde na mwalimu wao, marehemu Benjamin Ayimba, walishinda 30 kwa 7. Kenya haikuwa imepata kutwaa kombe la duru yoyote kabla ya siku ile. Nchi ilishangilia, na ilikuwa haki yake.

Miezi minne haijatimia, timu zote mbili zikawa Rio. Kenya ilishindwa na Uingereza, New Zealand na Japani, mechi zote tatu za kundi lake, ikamaliza ya 11 kati ya timu 12. Fiji je? Iliishinda Marekani kwa pointi tano tu, na New Zealand vilevile kwa tano, 12 kwa 7. Lakini tarehe 11 Agosti, katika fainali, iliitandika Uingereza 43 kwa 7.

Fiji ni visiwa ambavyo watu wake hawafiki milioni moja. Mwezi Februari mwaka huohuo kimbunga kiitwacho Winston kiliua watu 44 na kubomoa nyumba nyingi. Tangu nchi hiyo ilipoingia Olimpiki mwaka 1956, haikuwa imepata medali yoyote, hata ya shaba. Wachezaji wake hufanya mazoezi ya kupanda vilima vya mchanga vya Sigatoka mpaka miguu ikatae. Walipovishwa dhahabu, walipiga magoti, mmoja baada ya mwingine.

Sikusimama hapa kuwalaumu wachezaji wetu. Kufika Rio si jambo dogo. Nasema hivi tu: kombe la Singapore halikuingia uwanjani Rio kumkaba mtu. Na Fiji, waliofungwa Aprili, hawakukaa kulia. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Vijana, nasikia mwaka huu mmetolewa mapema, na kwamba wapo wazee waliokuja leo kuwakemea kwa kuaibisha kabati la vikombe. Msiinamishe vichwa. Vikombe vile ni vyetu sisi tuliovitafuta. Ninyi tafuteni vyenu. Kesho alfajiri rudini uwanjani.

Na kwenu, wazee wenzangu, nina neno. Tusije hapa mara moja kwa mwaka kuhesabu vikombe vya ujana wetu. Vijana hawa wanahitaji mipira, viatu, na mtu mzima wa kupuliza filimbi Jumamosi. Kabla hatujaketi kula, Mweka Hazina atapitisha daftari. Kila mmoja aandike atakachotoa, au Jumamosi atakayokuja. Mimi nimekwisha andika.