Chui Katika Ngozi ya Usafi



Askari yeyote, awe wa jeshi au wa polisi, hufundishwa mapema kwamba bunduki chafu ni rafiki wa adui. Ndiyo sababu bunduki ya .303, waliyoibeba askari wa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikuwa na tundu kitakoni la kuwekea kichupa cha mafuta pamoja na kamba ya kupitishia kitambaa ndani ya mtutu. Ndiyo sababu pia AK-47 hubeba ufito wake chini ya mtutu na kikopo cha vifaa vya usafi ndani ya kitako.

Jeshi la Marekani lilijifunza somo hilo kwa damu huko Vietnam. Bunduki za M16 zilipogawiwa kwa wingi kati ya mwaka 1965 na 1967, vifaa vya kuzisafishia vilikuwa haba, na askari wengi waliaminishwa kwamba silaha hiyo mpya haihitaji usafi mwingi. Wakati huo huo aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa, nayo ikaacha masizi zaidi; na chemba haikuwa imepakwa kromu. Maganda ya risasi yakawa yanakwama, na askari akalazimika kuyasukuma nje kwa ufito, kama alikuwa nao, huku risasi za adui zikimmiminikia. Wako waliokutwa wamekufa, bunduki zilizokwama zikiwa ubavuni mwao. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la Marekani, iliyoongozwa na Richard Ichord, ilichunguza jambo hilo na kutoa lawama kali. Ndipo vifaa vya usafi vikasambazwa, mafunzo yakatiliwa mkazo na chemba zikapakwa kromu.

Kwa hiyo hakuna serikali yenye busara itakayopiga marufuku ufito, brashi, kitambaa au mafuta ya bunduki. Hivyo ni vifaa vya uhai. Lakini penye jina jema ndipo mwovu hupenda kujificha, na huko huko Marekani vifaa vya usafi vimezusha mgogoro mkubwa wa sheria.

Mgogoro huo unahusu mkebe mdogo wa chuma unaofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili kukinga mafuta machafu yanayotiririka mtutu unaposafishwa. Kazi hiyo ni halali. Taabu ni kwamba baadhi ya mikebe hiyo, pamoja na vikombe vilivyopangwa ndani yake, inafanana mno na kiwambo cha kuzuia sauti. Ikigeuzwa kidogo tu, chombo cha usafi huwa chombo cha kuficha mlio wa bunduki.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 iliagiza kwamba viwambo vya sauti viandikishwe serikalini na kulipiwa kodi ya dola 200. Mwaka 1986 tafsiri ya kiwambo ilipanuliwa ikajumuisha hata sehemu zinazokusudiwa kukiunda. Kwa msingi huo, idara ya Marekani inayosimamia silaha na milipuko imeshikilia kwamba bidhaa kadhaa zinazouzwa kwa jina la usafi ni viwambo tangu zinapotoka kiwandani, kwa sababu ya jinsi zilivyobuniwa. Anayekutwa na kiwambo kisichoandikishwa aweza kufungwa hadi miaka 10. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliifuta kodi hiyo ya viwambo kuanzia tarehe 1 Januari 2026, lakini haikufuta wajibu wa kuviandikisha.

Je, habari hiyo ya mbali inazihusu vipi nchi jirani za eneo hili? Inazihusu sana. Itifaki ya Umoja wa Mataifa juu ya silaha, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2005, inakihesabu kifaa chochote kilichobuniwa au kugeuzwa ili kupunguza sauti ya bunduki kuwa ni sehemu ya silaha. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, nayo inaingiza kifaa cha namna hiyo katika maana yenyewe ya silaha. Na tarehe 21 Aprili 2004 nchi 11 za Maziwa Makuu, Pembe ya Afrika na jirani zake, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilitia saini Itifaki ya Nairobi, zikaahidi kutia alama silaha, kuweka kumbukumbu zake na kuzuia raia kumiliki silaha ndogo bila mipaka.

Lakini ahadi ya mawaziri hutimizwa na askari aliyesimama kizuizini usiku. Mbele yake huletwa boksi lenye maandishi ya vifaa vya usafi. Akiyaamini maandishi peke yake, huenda akapitisha chombo ambacho kesho kitamwezesha jangili kuua tembo bila mhifadhi kusikia, au jambazi kumpiga risasi polisi mwenzake. Akikamata kila brashi na kila kichupa cha mafuta, atawaonea wenye leseni na kulitia doa jeshi lake. Njia iliyonyooka ni kukitazama chombo chenyewe badala ya jina lake: kimeundwa kufanya nini, kinafungwa wapi, mwenye nacho ana hati gani. Penye shaka, chombo kiandikwe, kihifadhiwe na kupelekwa kwa mtaalamu wa silaha, naye mwenye mali apewe stakabadhi. Sheria inayoheshimu haki ya raia ndiyo inayopata ushahidi wa raia.

Ghala la silaha nalo lina wajibu wake. Ufito uliopotea usipoandikwa leo, kesho itakuwa bastola. Na mkuu wa kikosi anayewanyima askari wake mafuta na vitambaa ayakumbuke ya Vietnam.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Marekani imenyolewa mara mbili: kwanza kwa kukosa vifaa vya usafi, kisha kwa vifaa vilivyojivika jina la usafi. Askari wa nchi hizi watie maji mapema.