Nani Anayekimbia? Watazamaji na Picha ya Vijana Wetu
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya picha ya senema waliyoitengeneza vijana wa shule hii, na hasa juu ya kazi niliyowasaidia, yaani kukusanya maoni ya watazamaji. Picha haijakamilika. Ni mwanzo tu, wa dakika mbili: magharibi inaingia, kijana anashuka mbio migombani kando ya mfereji, na nyuma yake zinasikika nyayo za mtu tusiyemwona. Imepigwa kwa simu huko juu ya Tengeru, Meru nyuma imejifunika wingu.

Kuwachunguza watazamaji si jambo geni. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la senema lenye makao yake Vugiri, milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt. Walitengeneza picha fupi, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, hata Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakiandika jinsi zilivyopokelewa. Nia yao ilikuwa kutufundisha kuliko kutusikiliza, lakini hilo la kuwaangalia watazamaji walilifanya. Na Howard Hawks, yule aliyepiga Hatari! huku kwetu Momella, ikatoka 1962, picha yake ya upelelezi The Big Sleep ilionyeshwa kwanza kwa askari wa Marekani mwaka 1945, na sehemu zake zikapigwa upya kabla ya kutolewa kwa umma 1946. Basi vijana wetu hawana cha kuonea haya.

Walianza na karatasi yenye swali moja: "Je, umeipenda?" Zote zikarudi: "Ndiyo, nzuri sana, hongereni." Nani huku kwetu atamwambia mtoto wa jirani kwamba kazi yake mbaya? Tukaziweka kando. Safari ya pili tuliuliza: Huyu anayekimbia ni nani? Anamkimbia nani? Tena tukamweka kijana mmoja pembeni mwa kitambaa, asiangalie picha bali nyuso za watu.

Vijana walikusudia mwanafunzi asiye na hatia anayefuatwa na muuaji. Bwenini wengi waliona hivyo. Kijijini, tulipoonyesha uani kwa bibi mmoja, wengi walijibu: ni mwizi. Bibi alinieleza kwa upole, "Baba, anayekimbia gizani kimya, bila kuita watu, huyo amechukua cha watu." Hofu haikuwapo kabisa, watu walikuwa upande wa zile nyayo!

Wala halikuishia kwenye karatasi. Siku chache baadaye kijana aliyeigiza, wa Kidato cha Tatu, alipita sokoni, watoto wakamwita "mwizi." Utani, ndiyo. Lakini ninyi mnajua neno hilo likipigiwa kelele sokoni linaweza kumfikisha mtu wapi. Mama yake alitaka picha ifutwe, nami sikuona ubaya wa ombi lake.

Vijana walibishana sana. Mwongozaji alishikilia kwamba kueleza mapema kutaua siri. Mwishowe wameongeza kipande kifupi: kijana, sare mwilini na madaftari mkononi, anampisha mzee njiani. "Shikamoo, babu." Mzee anaitikia marahaba, kisha anatazama kule kijana alikotoka, na uso wake unabadilika. Basi. Mbio zinaanza.

Tulirudi uani kwa bibi. Kijana wetu wa nyuso aliandika kwamba mama mmoja alimshika mwenzake mkono, na sauti moja ikaita, "Kimbia, mwanangu!" Mama wa mwigizaji amekubali picha ibaki, kwa sharti kwamba wale watoto wa sokoni nao waonyeshwe upya. Wameshaonyeshwa.

Sasa ni zamu yenu. Picha itaonyeshwa bwaloni baada ya chai, na karatasi ziko mlangoni. Tafadhali, ye yote asiandike "hongereni."