MASOMO YA NYUMBANI YASIYO NA ADA
Maneno ya mazungumzo kwa wazazi wa Mtwapa



Jumapili ya tarehe 15 Machi, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa shule zote za Kenya zitafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Wazazi wengi walidhani kuwa ni jambo la majuma machache tu. Haikuwa hivyo. Watoto wa Gredi ya 4, wa darasa la nane na wa kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Waliobaki hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari, 2021. Mtoto mdogo ambaye mwezi wa Machi ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kuunganisha silabi, alikaa karibu miezi kumi bila ya mwalimu, na wengi wao walipoketi tena darasani silabi zilikuwa zimekwisha potea.

Mtwapa ilikuwa na shida yake ya peke yake. Mji huu umo katika Kilifi, lakini riziki ya watu wake wengi iko ng'ambo ya daraja, upande wa Mombasa. Kuanzia tarehe 8 Aprili, 2020, watu walikatazwa kuingia wala kutoka katika kaunti za Kilifi, Mombasa na Kwale; Kilifi na Kwale hata mwanzo wa mwezi wa Juni, na Mombasa hata mwanzo wa mwezi wa Julai. Mahoteli ya pwani nayo yalifunga milango. Basi baba aliyezoea kulipa ada ya shule kwa mshahara wa hoteli alijikuta ameketi uani pamoja na wanawe, hana mshahara wala mwalimu wa kumpelekea watoto. Hapo ndipo swali lilipoulizwa nyumba kwa nyumba: mtu asiye mwalimu, tena hana fedha, awezaje kumfundisha mwanawe?

Swali hilo halikwisha pamoja na maradhi yale. Mwaka 2024 mvua kubwa zilichelewesha ufunguzi wa shule mpaka tarehe 13 Mei. Likizo huja kila mwaka. Na wako watoto waendao shule kila siku, wala hawakosi hata siku moja, lakini kusoma hawajui. Hao ndio wanaostahili kutajwa kwanza katika mazungumzo haya.

Kabla ya kuendelea yafaa jambo moja lisemwe wazi, maana limewatia watu wengine matatani. Kumfundisha mtoto nyumbani si kumtoa shuleni. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka kila mzazi ahakikishe kuwa mtoto wake ahudhuria shule, au mahali pengine palipokubaliwa na Serikali. Asiyefanya hivyo amefanya kosa. Kwa hiyo masomo yatakayosemwa hapa ni ya jioni, ya Jumamosi, ya likizo, na ya siku zile ambazo shule imefungwa kwa sababu isiyo ya mzazi.

Sasa, ni vitu gani vilivyo bure? Cha kwanza kimo tayari ndani ya mkoba wa mtoto. Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, kwa nia ya kila mtoto kuwa na kitabu chake. Ni ajabu kuona mzazi akihangaika kutafuta masomo katika simu, na kitabu kilichochapwa kwa kazi hiyo hiyo kimelala chini ya kitanda hakijafunguliwa tangu Ijumaa.

Cha pili ni redio na televisheni. Shule zilipofungwa mwaka 2020, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, ijulikanayo kwa herufi KICD, ilieneza masomo kwa redio za KBC na kwa stesheni yake ya televisheni ya elimu, na mengine iliyaweka katika intaneti. Mwaka ule ule, mwezi wa Machi, ilianza stesheni ya televisheni ya watoto iitwayo Akili Kids, ambayo haitozi malipo. Tena uko mpango wa Ubongo, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ambao hufundisha hesabu na sayansi kwa katuni zisemazo Kiswahili kizuri. Na kwa watoto wasiofika umri wa shule una kipindi chake kiitwacho Akili and Me. Majina haya yakaribiana, wala yasimchanganye mtu.

Redio ina ila moja. Mwalimu wa redio husema akapita. Hangoji, wala hasikii swali. Mtoto aliyeachwa peke yake mbele ya redio husikia sauti tu kama asikiavyo mvua juu ya mabati. Dawa yake ni ndogo. Ndugu mkubwa, au mama mwenyewe, aketi karibu na daftari, na somo likiisha mtoto aulizwe mambo matatu aliyoyasikia. Akikosa yote matatu, basi siku hiyo hapakuwa na somo hata kama redio ilisema saa nzima.

Cha tatu ni hadithi. Mpango uitwao African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, umeweka katika intaneti hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, na za Kiswahili zimo kwa wingi. Ruhusa imekwisha tolewa: mtu aweza kuzisoma, kuzichapa katika karatasi, kumpa jirani, hata kuzifasiri, asiombe idhini ya mtu. Mzazi ajuaye Kigiriama au Kichonyi aweza kuifasiri hadithi ya Kiswahili kwa lugha ya nyumbani, akamsomea mwanawe. Kazi kama hiyo hufanywa pia na StoryWeaver wa kutoka Bara Hindi. Mtu akitakiwa fedha ili auziwe hadithi hizo, na ajue kuwa anauziwa maji kisimani. Alipe gharama ya karatasi na ya kuchapa, basi.

Lakini neno "bure" yafaa lichunguzwe. Hadithi ni bure, lakini njia ya kuifikia si bure. Bando hununuliwa, na simu hutaka moto. Mama apataye fedha yake siku kwa siku hawezi kufungua intaneti kila jioni, na atakayemwambia afanye hivyo hajui bei ya unga. Kwa hiyo werevu ni kuchukua mara moja na kutumia mara nyingi. Mtu mmoja mwenye bando, au aliye mahali penye waifai, apakue hadithi ishirini au thelathini kwa siku moja, kisha azigawe kwa majirani kutoka simu hata simu bila ya intaneti, kwa kadi ya kumbukumbu au kwa Bluetooth. Hadithi ishirini zatosha likizo nzima, kwa sababu mtoto mdogo hapendi hadithi mpya kila siku; hupenda ile ile, na katika kuirudia ndimo anamojifunza. Na iwapo msikiti, kanisa au chama cha akina mama kina kompyuta moja, iko programu iitwayo Kolibri, nayo ni bure, ambayo huweka masomo ndani ya kompyuta hiyo na kuyagawa kwa simu zilizo karibu, pasipo intaneti.

Simu isiachwe mkononi mwa mtoto peke yake. Hili halihitaji maelezo marefu. Kila mzazi amekwisha ona jinsi somo la hesabu lifunguliwavyo, na baada ya dakika tano husikika muziki.

Basi tuje kwenye kusoma kwenyewe. Kuanzia mwaka 2009, kwa miaka kadhaa, wachunguzi wa mpango ulioitwa Uwezo walizunguka Kenya, si shuleni bali nyumba kwa nyumba, wakiwapima watoto. Kipimo chao ni chepesi sana. Mtoto huonyeshwa herufi. Akizijua hupewa maneno. Akiyajua hupewa ibara fupi. Akiiweza hupewa hadithi ndogo ya kiwango cha darasa la pili. Taarifa zao zilionyesha mara kwa mara kuwa wengi wa watoto wa darasa la tatu walishindwa na hadithi hiyo ya darasa la pili. Watoto hao walikuwa na sare, na majina yao yalikuwa katika daftari la mwalimu. Wazazi wao walidhani kuwa wanasoma.

Hapana kinachomzuia mzazi wa Mtwapa kufanya kipimo kama hicho leo usiku, kwa kipande cha karatasi na kalamu. Aandike herufi kumi, zisifuatane. Chini yake maneno kumi mafupi: kuku, meza, baba, embe. Chini yake sentensi nne. Mwisho afungue hadithi yo yote. Pale mtoto akwamapo ndipo masomo yaanzie, hata kama yu Gredi ya 5. Wazazi wengi huona haya kumrudisha mtoto mkubwa kwenye silabi, wakamlazimisha asome kitabu cha gredi yake. Naye, kwa kuwa ana akili, hukariri ukurasa mzima kwa moyo akausema kama kasuku. Kumgundua ni rahisi: funika picha, kisha mwambie aanze katikati ya ukurasa.

Na mzazi asiyejua kusoma? Huyu ndiye ajidharauye kuliko wote, na hana sababu. Amwambie mtoto asome kwa sauti ukurasa mmoja, kisha kitabu kifungwe, naye aulize, "Ikawaje, mwanangu?" Mtoto na asimulie yale aliyoyasoma kwa lugha ya nyumbani, iwe Kigiriama, Kiswahili au nyingine. Akisimulia vizuri, amesoma. Akibabaika, ametamka herufi tu, na arudie. Kwa kuhukumu jambo hili mama hahitaji kujua herufi hata moja; masikio yake yatosha, kwa maana hadithi isiyo na mguu wala kichwa hujulikana na kila mtu. Robo saa kila siku, baada ya chakula cha usiku, kabla mtoto hajasinzia, yapita saa tatu za Jumamosi ambazo huishia kwa ugomvi.

Kwa habari ya hesabu maneno hayatakuwa mengi, kwa sababu mji huu ni wa biashara. Tuchukue mfano wa mama auzaye mahamri. Unga shilingi 180, sukari 70, nazi 60, mafuta 140. Ameuza mahamri 63 kwa shilingi kumi kumi. Mtoto wa miaka kumi na aandike katika daftari: gharama 450, mapato 630, faida 180. Kesho yake atauliza mwenyewe, "Mama, na makaa je?" Swali hilo ni zuri kuliko hesabu yote iliyotangulia, na mama asilikasirikie, ijapokuwa huenda faida ikapungua. Ila mtoto asigeuzwe mwuzaji. Daftari la hesabu ni somo, lakini kumkalisha kibarazani na karai mpaka saa nne ya usiku ni kumwibia somo.

Wazee walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Kibaba kimoja ni robo ya pishi, viwili ni nusu. Mtoto ashindwaye na sehemu katika ubao wa shule huzielewa mara moja akipewa kopo la mchele na sufuria.

Sayansi nayo i karibu na mlango. Magofu ya Jumba la Mtwana yako hapa hapa, lakini huko hulipwa kiingilio, kwa hiyo yasitiwe katika mambo ya bure. Bahari haina kiingilio. Mtoto na achukue daftari, na kila siku, akiwa pamoja na mtu mzima, aandike saa ya maji kujaa katika mkono wa bahari, na sura ya mwezi usiku ule. Baada ya siku chache ataona kuwa saa ya maji haikai mahali pamoja. Kila siku hukawia kwa kadiri ya dakika hamsini. Hata mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ataona maji yakijaa sana na kupwa mbali sana, yale ambayo wavuvi huyaita bamvua; na katikati yake ataona maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Siku kumi na tano zikipita saa zile zile zitakuwa zimerudi.

Hapo ndipo amwendee mvuvi na daftari lake mkononi, amwulize, "Shikamoo, babu. Kwa nini maji hufuata mwezi?" Mvuvi atamweleza ajuavyo yeye, na kitabu cha shule kitamweleza kwa maneno mengine. Mtoto na ayaandike yote mawili, kila moja katika ukurasa wake, ampelekee mwalimu shule zifunguliwapo.