Gereza la Danbury: Ulinzi Mdogo Maana Yake Nini?



Nianze na jina, maana ndilo linalotupoteza. Idara ya Magereza ya Shirikisho ya Marekani, iliyoundwa 1930, hupanga magereza yake kwa madaraja. Daraja la pili kutoka chini wengine wetu hulitafsiri "usalama mdogo". Ukisikia hivyo utadhani ni mahali watu wanachomana visu. Mimi nitasema "ulinzi mdogo", na bado nitaomba tahadhari: jina hilo linaeleza jinsi serikali inavyomhofia mfungwa, halielezi kwamba kifungo chake ni chepesi. Uzio upo, tena wa safu mbili. Watu hulala mabwenini badala ya kwenye seli, na kila siku saa kumi jioni husimama kando ya vitanda kuhesabiwa.

Gereza la daraja hilo ninalolileta mbele yenu ni la Danbury, jimbo la Connecticut, kama kilomita 110 kutoka New York. Lilifunguliwa 1940. Wakati wa Vita Kuu ya Pili lilipokea vijana waliokataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri. Vijana hao walikuta ukumbi wa chakula umegawanywa, weusi kwao na weupe kwao. Mwaka 1943 kundi lao dogo liligoma kufanya kazi kwa siku 135, mpaka uongozi ukakubali kuuondoa ubaguzi huo ukumbini. Jeshi lenyewe la Marekani lilikuwa bado linatenganisha askari wake kwa rangi.

Mwaka 1950 waliingia Ring Lardner Jr. na Lester Cole, waandishi wa filamu waliokataa kuijibu kamati ya Bunge iliyowauliza kama ni wakomunisti. Humo wakamkuta J. Parnell Thomas, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ileile! Yeye alifungwa kwa kosa tunalolijua vizuri huku kwetu: wafanyakazi hewa. Aliwaandika watu kwenye orodha ya malipo ya ofisi yake, mishahara yao ikamrudia mfukoni. Gerezani alipewa kazi ya kutunza kuku.

Lakini wenye majina wasitufiche wengine. Mfungwa wa kawaida wa shirikisho hufanya kazi za jikoni, usafi au matengenezo kwa senti 12 hadi 40 za dola kwa saa. Sigara zilipopigwa marufuku 2004, samaki wa pakiti, kibua huyu tunayemjua, akawa fedha: humlipa kinyozi, humlipa fundi wa kushona. Na kwa makosa yaliyotendwa kuanzia 1 Novemba 1987 hakuna parole. Mwenye tabia njema hupunguziwa siku zisizozidi 54 kwa mwaka.

Yote hayo mtu huyazoea. Umbali kutoka nyumbani ndio usiozoeleka.

Katika miaka ya 1990 Danbury liligeuzwa la wanawake. Kambi ya jirani, ya daraja la chini kabisa, ndiyo aliyokaa Piper Kerman, mwandishi wa "Orange Is the New Black". Watazamaji wa tamthilia iliyotokana na kitabu chake huichanganya kambi hiyo na gereza lenyewe. Mwaka 2013 Idara ilitangaza kulirudisha gereza kwa wanaume na kuwahamishia wanawake wengi Aliceville, Alabama, zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara. Wengi walikuwa mama wenye watoto kaskazini-mashariki. Maseneta wa majimbo ya huko walipinga, na baadaye likajengwa jengo jipya la wanawake hapohapo Danbury. Uzio wa Aliceville haukuwa hoja. Hoja ilikuwa nauli, na bibi anayelea wajukuu ambaye hawezi kuwapandisha basi kila mwezi.

Sheria ya 2018 sasa inaitaka Idara, inapowezekana, imweke mfungwa ndani ya kilomita zipatazo 800 kutoka kwao. Ni Dar es Salaam hadi Mbeya hiyo, na kwa Wamarekani ilihesabiwa kuwa nafuu.

Naomba basi, tutakapogawanyika kwenye vikundi, kila kikundi kianze na swali hili: ndugu wa mfungwa hutumia shilingi ngapi kwenda kumwona na kurudi?